Simu ya "Daktari": Kwa Nini Watu Wenye Akili Timamu Hutapeliwa

Ni saa mbili na robo asubuhi, Barabara ya 12, Ngamiani, jijini Tanga. Simu ya mama mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na kitu inaita. Anayepiga anajitambulisha kuwa daktari wa zamu katika wodi ya majeruhi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. "Shikamoo mama," anaanza. "Marahaba mwanangu." Anamtaja kwa jina mdogo wa mama huyo, aliyelazwa tangu juzi baada ya ajali ya bodaboda, na anajua kuwa mguu uliovunjika ni wa kushoto. Kisha sauti inaongeza kasi. Hali ya mgonjwa imebadilika, kifaa cha kuungia mfupa kimepatikana kwa mtu wa nje, na kinahitajika kabla ya mgonjwa kuingizwa chumba cha upasuaji. Ni shilingi 180,000. "Usikate simu mama, tuma nikiwa hewani, maana tukichelewa mguu huu hatutauokoa."

Mama anatuma. Anapofika Bombo akiwa na khanga moja begani na nyingine mkononi, anamkuta mdogo wake ameketi kitandani anakunywa uji. Hakuna daktari wa zamu mwenye jina lile.

Mfano huu haumhusu mtu fulani. Umeunganishwa kutokana na mbinu zinazojulikana sana nchini, na wasomaji wengi watauona umefanana mno na jambo lililompata jirani, mjomba au wao wenyewe. Swali linaloulizwa baada ya tukio la namna hii karibu kila mara ni moja, tena huulizwa kwa sauti ya lawama: "Ulikuwa unafikiria nini?" Ni swali baya, kwa sababu linadhani kwamba aliyetapeliwa alikuwa na kasoro ya akili au ya elimu. Ushahidi wa kitaalamu unaelekeza kwingine.

Wataalamu wa usalama wa mitandao huuita ufundi huu uhandisi wa kijamii, yaani kuingia katika mfumo kwa kumpitia binadamu badala ya kuvunja mashine. Aina yake inayopita katika baruapepe na ujumbe mfupi ilipewa kwa Kiingereza jina lililotokana na uvuvi, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni juya. Hutupwa kwa maelfu ya watu bila kumjua yeyote, ukitegemea kwamba miongoni mwao yupo aliyekuwa anakaribia kumtumia mwenye nyumba kodi au fundi malipo yake, naye atadhani amekumbushwa. Simu ya "daktari" ni mshipi. Chambo chake kimechaguliwa kwa ajili ya samaki mmoja, na mvuvi anajua saa anayokula.

Kwa nini mshipi huu hunasa? Jibu lililo wazi kuliko yote limo katika tasnia ya afya yenyewe.

Mwaka 1966 nchini Marekani, daktari wa magonjwa ya akili Charles Hofling na wenzake walichapisha utafiti ambao kila mwanafunzi wa uuguzi angefaa kusimuliwa. Wauguzi 22 waliokuwa zamu, kila mmoja wodini kwake, walipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa daktari. Hawakuwa wakimfahamu. Aliwaagiza wampe mgonjwa fulani miligramu 20 za dawa iliyoitwa Astroten, akiahidi kuja baadaye kutia saini. Lebo ya dawa ilieleza bayana kwamba kipimo cha juu kwa siku ni miligramu 10. Dawa yenyewe haikuwamo katika orodha iliyoidhinishwa wodini, na utaratibu wa hospitali haukuruhusu agizo kama hilo kutolewa kwa simu. Wauguzi 21 kati ya 22 walianza kutekeleza agizo, na mtafiti aliyekuwa karibu akawazuia kabla hawajamfikia mgonjwa. Vidonge, kwa bahati njema, vilikuwa sukari tupu.

Sehemu ya pili ya utafiti huo inasimuliwa mara chache, ingawa ndiyo yenye funzo kubwa zaidi. Watafiti waliwaeleza wauguzi wengine 12 na wanafunzi wa uuguzi 21 hali ileile kwa maneno, wakawauliza wangefanya nini. Wauguzi 10 kati ya 12 walisema wasingetoa dawa. Wanafunzi wote 21 walisema wasingetoa. Hawakuwa waongo. Walijibu wakiwa wamekaa, wametulia, hakuna simu sikioni na hakuna mkubwa anayesubiri. Yeyote anayemcheka aliyetapeliwa yuko katika nafasi ya wanafunzi wale 21: anajibu mtihani ambao hajaketi kuufanya.

Mwaka 1977 watafiti wengine wawili, Rank na Jacobson, walirudia jaribio hilo kwa mabadiliko. Dawa iliyoagizwa safari hii ilikuwa Valium, ambayo wauguzi waliifahamu vizuri, na wauguzi walikuwa huru kuzungumza na wenzao kabla ya kutekeleza. Kati ya wauguzi 18, waliokuwa tayari kutoa kipimo kilichozidi ni 2 tu. Tabia ya binadamu haikuwa imebadilika katika miaka 11. Kilichobadilika ni kwamba muuguzi alikijua kitu alichoagizwa, na alikuwa na mtu wa kumuuliza.

Hapo ndipo maneno "usikate simu" yanapopata uzito wake. Si pambo la mazungumzo. Ndicho kiungo chenye nguvu kuliko vyote katika dawa ile, kwa sababu kinamfungia mtu katika chumba kisichoonekana, yeye na tapeli peke yao. Vivyo hivyo "usimwambie mtu mpaka zawadi yako ithibitishwe" na "nafasi za kazi ni chache, wahi leo". Ahadi hutofautiana, lakini kazi ya kwanza ya tapeli ni ileile siku zote: kumtenga mlengwa na watu ambao wangemwuliza swali moja la kawaida.

Mwili nao humsaidia. Mtu anapoambiwa kwamba ndugu yake yuko hatarini, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenali, na muda mfupi baadaye kotisoli. Moyo huenda mbio, pumzi hukaza, na macho ya fikra huganda kwenye jambo moja. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima, kulinganisha na kutilia shaka, hupungukiwa uwezo katika dakika hizo, huku maeneo ya ndani yanayoshughulikia hofu yakishika usukani. Maumbile haya ni mema. Ndiyo yanayomfanya mama amnyakue mtoto kutoka mbele ya gari bila kwanza kufanya hesabu. Tapeli hafanyi zaidi ya kuyaamsha mahali ambapo hayahitajiki, kisha akaomba namba ya siri.

Juu ya maumbile yako malezi. Mtoto wa pwani hufundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hufundishwa kutomkatia mtu maneno, kujibu salamu kabla ya jambo lolote, na kutohesabu senti mbele ya mgonjwa. Haya ni mambo ya heshima, na jamii isiyo nayo haifai kuishiwa. Lakini kwa tapeli kila moja ni mpini wa kushikia. "Shikamoo mama" ya asubuhi ile haikuwa adabu. Ilikuwa njia ya kupata "marahaba mwanangu", na mtu akishakuitikia hivyo ni vigumu kukukatia simu. Hivyo dhana kwamba wanaotapeliwa ni wazee wasiosoma haina mguu wa kusimamia. Hata Marekani, takwimu za Tume ya Biashara ya nchi hiyo zimeonyesha kwamba vijana huripoti kupoteza fedha kwa utapeli mara nyingi kuliko wazee, ingawa mzee akipoteza, hupoteza kiasi kikubwa zaidi.

Lipo swali ambalo mama wa Barabara ya 12 ataendelea kujiuliza: alijuaje kuwa ni mguu wa kushoto? Wengi hushuku mara moja kwamba mfanyakazi wa hospitali ameuza taarifa. Jambo hilo linawezekana, na likitokea ni kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Hata hivyo, kabla ya kumtafuta mwizi wodini, inafaa kufungua kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Humo mna ujumbe wa juzi: jina kamili la mgonjwa, wodi, aina ya jeraha, picha ya mguu wenye bandeji, kiasi cha mchango kinachohitajika, na namba ya simu ya mama anayekusanya. Ujumbe huo umesambazwa katika kikundi cha waliosoma pamoja, cha mtaa na cha timu ya mpira, mpaka umewafikia watu wasiojulikana na yeyote. Mchango wa matibabu ni miongoni mwa desturi njema kabisa tulizonazo, na hapana anayeshauri uachwe. Lakini jina na namba ya mkusanyaji vinatosha. Picha ya bandeji na namba ya kitanda havimwongezei mgonjwa hata senti.

Aidha, anayepiga si lazima awe Tanga, wala karibu na Tanga. Ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai yanayofanywa kwa laini za simu. Kwa upande wake, jina la Tanga limetumika kama chambo kwa wengine: kuna watu wa mikoa ya mbali wanaopokea ujumbe wa "mganga kutoka Tanga" anayeahidi utajiri au kumrejesha mpenzi, na huenda mwandishi wake hajawahi hata kuivuka Segera. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019 na kufuatiwa na kufungwa kwa laini zisizosajiliwa Januari 2020, umesaidia. Hata hivyo matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wasio na habari, kama yule aliyeambiwa na msajili wa barabarani kwamba kidole hakikusoma vizuri, hebu aweke tena. Kwa kubonyeza *106# mtu anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa.

Taasisi nazo hazina kinga. Tarehe 18 Machi 2021, mfanyakazi mmoja wa huduma ya afya ya umma ya Ireland alifungua kiambatisho cha baruapepe kilichoonekana cha kawaida. Wahalifu waliingia kupitia kompyuta hiyo, wakatembea ndani ya mfumo kwa takriban wiki nane, na alfajiri ya tarehe 14 Mei wakazifunga kompyuta za hospitali nchi nzima na kudai fidia. Madaktari walirudi kwenye karatasi, na miadi ya wagonjwa wengi ikafutwa. Serikali ilikataa kulipa. Baada ya siku chache wahalifu wenyewe waliutoa ufunguo, lakini kurejesha huduma kulichukua miezi. Hospitali zetu sasa zinaendeshwa kwa mifumo ya kielektroniki kuanzia usajili hadi maabara, na bado ni jambo la kawaida kuona nywila imeandikwa kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta ya wauguzi. Huyo aliyeibandika si mzembe. Ana wagonjwa arobaini, wauguzi wawili, na mfumo unaomtaka aingie upya kila baada ya dakika chache. Asipopunguziwa mzigo huo, semina za usalama zitamwongezea karatasi nyingine ya kubandika.

Baada ya hasara ndipo madhara ya kiafya huanza, na hapa ndipo watoa huduma za afya wana kazi ambayo haijapewa jina. Mama wa Ngamiani alituma shilingi 180,000. Tuseme hazikuwa zake. Yeye ni kijumbe wa mchezo wa wanawake kumi na wawili, na zamu ya kupokea ilikuwa ya jirani anayetaka kulipa ada ya mtoto. Mama hamwambii mtu. Anakopa huku ili kuziba kule. Usiku halali, dawa za shinikizo la damu anazinunua nusu, na mwezi unaofuata anafika kliniki akiwa na kipimo kilichopanda bila sababu inayoonekana kwenye faili. Daktari anaongeza dozi. Kukosa usingizi, wasiwasi, sonona, na wakati mwingine mawazo ya kujidhuru ni mambo yanayojulikana kuwapata watu waliotapeliwa, na huwa mabaya zaidi pale aibu inapomfunga mtu mdomo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, na hawakusema maradhi ya mwili tu.

Aibu hiyo ni faida kwa tapeli kwa namna nyingine pia, kwa kuwa inamnunulia muda. Katika ajali madaktari huhesabu dakika za mwanzo kuwa ndizo zinazoamua mengi, na hapa ni vivyo hivyo. Fedha iliyotumwa kwa simu inaweza kuzuiwa na kampuni ya simu maadamu haijatolewa kwa wakala au kuhamishwa. Atakayepiga huduma kwa wateja dakika tano baada ya kutuma ana nafasi. Aliyekaa siku mbili akijilaumu kabla ya kumwambia mtu, mara nyingi hana. Kwa hiyo mume anayefoka, au mtoto anayecheka, au askari wa mapokezi anayeuliza "wewe mtu mzima unatumaje hela kwa mtu usiyemjua", anamfanyia tapeli kazi bila malipo. Utapeli wa namna hii ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na anayekwenda kituoni kutoa taarifa ni mlalamikaji sawa na aliyevunjiwa duka.

Kuhusu kinga, orodha ndefu za tahadhari hazikumbukwi mtu anapokuwa na hofu. Yanayokumbukwa ni mazoea machache ambayo mwili umeshayazoea, na fani ya upasuaji inalijua hilo kwa gharama. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha fupi ya usalama wa upasuaji, ambayo hulazimisha timu nzima kusimama kabla ya kisu na kuthibitishiana kwa sauti jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa na aina ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari hawakuwa wamefundishwa upasuaji mpya. Walikuwa wamelazimishwa kusimama kidogo na kusemezana.

Familia inaweza kuwa na kisimamo chake. Simu yoyote inayotaka fedha kwa haraka hukatwa, bila matusi na bila kubishana, kisha mtu anapiga mwenyewe kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali: ya mgonjwa, ya ndugu anayemwuguza, ya mwalimu wa bweni. Kukata si utovu wa adabu. "Nakata, nakupigia" ni maneno ambayo daktari wa kweli huyapokea bila kinyongo, na watoa huduma wanapaswa kuwaeleza hivyo ndugu wa wagonjwa kabla tapeli hajawafikia. Pia wawaeleze kwamba malipo ya hospitali ya umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, si kwa namba ya simu ya daktari, muuguzi wala "mtu wa nje". Kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100, na mhudumu wake halali hahitaji kamwe kujua namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa TCRA kwa namba 15040. Mwajiri wa kweli, awe wa bandari au wa bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, hamtozi mwombaji kazi fedha ya fomu.

Kwa hospitali, hatua moja haihitaji bajeti. Siku mgonjwa anapolazwa, muuguzi huandika kwenye karatasi ndogo namba ya simu ya wodi, jina la mtu mmoja wa familia atakayepewa taarifa, na sentensi moja: "Hospitali hii haiombi fedha kwa simu." Karatasi hiyo anapewa yule anayebaki na simu nyumbani, na anasomewa kwa sauti kabla hajaondoka, kwa kuwa huenda hakuja na miwani.